Upimaji wa mafuta ya mwili kwa watoto

Upimaji wa mafuta ya mwili kwa watoto ni ukadiriaji wa sehemu ya uzito wa mtoto inayotokana na mafuta, tofauti na ile ya misuli, mifupa na maji. Mizani peke yake haiwezi kuitenga sehemu hiyo. Kwa sababu hiyo shuleni na kliniki hutumika vipimo rahisi vya nje. Kila kimoja hupima kitu kinachoendana na mafuta, si mafuta yenyewe, na ndiyo maana mara nyingine hutoa majibu tofauti kwa mtoto yuleyule.

Vipimo vinavyotumika

Kielezo cha uzito wa mwili (BMI) hupatikana kwa kugawanya uzito kwa kilogramu kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Kanuni yake ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika karne ya 19. Jina la sasa lilitolewa na Ancel Keys wa Marekani na wenzake mwaka 1972. Kwa mtoto, jibu hulinganishwa na jedwali la umri na jinsia. Katika majedwali ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2007, kwa umri wa miaka 5 hadi 19, anayezidi kiwango cha kati kwa zaidi ya mchepuko sanifu 1 ana uzito uliozidi. Anayekizidi kwa zaidi ya 2 ana unene wa kupindukia. Kasoro yake ni kwamba hakitofautishi misuli na mafuta.

Uwiano wa kiuno kwa urefu ni mzingo wa kiuno uliogawanywa kwa urefu. Ukifika 0.5 huhesabiwa kuwa dalili ya mafuta mengi tumboni. Hauhitaji mizani wala jedwali. Futikamba ya fundi cherehani inatosha.

Mkunjo wa ngozi hupimwa kwa kaliperi, kwa mfano nyuma ya mkono wa juu na kwenye shavu la mguu. Kwa kanuni ya Slaughter na wenzake ya mwaka 1988, asilimia ya mafuta kwa mvulana ni jumla ya mikunjo hiyo miwili kwa milimita, mara 0.735, kujumlisha 1.0, kwa msichana ni mara 0.610, kujumlisha 5.1. Kipimo hiki kinahitaji mkono uliozoea.

Mzingo wa mkono hupimwa kwa utepe wenye rangi. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 (nyekundu) ni utapiamlo mkali. Utepe huo ulitengenezwa kutambua wembamba, si unene.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mvulana wa kubuni wa miaka 10 katika kata ya Igamba, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Ana kilo 35, urefu sentimita 132, kiuno sentimita 68, na mikunjo ya milimita 18 na 16.

- BMI: 35 ÷ (1.32 × 1.32) = 20.1. Mpaka wa unene wa kupindukia kwa umri wake ni 21.4, hivyo anaandikwa "uzito uliozidi" tu.
- Kiuno kwa urefu: 68 ÷ 132 = 0.52. Amevuka mpaka.
- Mikunjo: 34 × 0.735 + 1.0 = asilimia 26 ya mafuta.

Ushahidi kutoka Afrika

Tofauti hiyo haiko kwenye mfano tu. Kati ya mwaka 2013 na 2017, watoto 1,516 wa miaka 8 hadi 11 kutoka nchi nane za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, walipimwa kwa maji yenye deuteri, aina nzito ya hidrojeni. Mtoto hunywa maji hayo, kisha kiasi cha deuteri mwilini huonyesha maji yote ya mwili na, kwa hesabu, mafuta. Mafuta yalihesabiwa kuwa ya kupita kiasi yakizidi asilimia 25 kwa wavulana na 30 kwa wasichana. Kwa BMI, watoto wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 8.8, kwa deuteri, wenye mafuta ya kupita kiasi walikuwa asilimia 29.1. BMI ilikosea mara chache sana ilipomtaja mtoto kuwa mnene, lakini iliwaacha wengi wenye mafuta mengi.

Udumavu

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Urefu umo katika BMI na katika uwiano wa kiuno, hivyo ufupi unaotokana na udumavu huathiri majibu yote mawili. Mtoto mfupi mwenye kiuno cha kawaida anaweza kuvuka 0.5 bila kuwa na mafuta mengi.

Matumizi

Kwa shule yenye mizani na futikamba, ni vema kutumia BMI na uwiano wa kiuno pamoja, na kupima tena baada ya miezi kadhaa. Vipimo vikitofautiana, mtoto apelekwe kwa mtoa huduma wa afya. Upimaji ufanyike faragha, na matokeo yaelezwe kwa mzazi, si mbele ya darasa. Namba moja haitoshi kumwita mtoto mnene, wala kumhakikishia mzazi kwamba hakuna tatizo.