Maji yanang'aa, samaki wanakufa

Mambo huanza hivi. Mtu ananunua samaki watano wa mapambo Dar es Salaam, wanafungwa kwenye mfuko uliojazwa hewa, wanapanda basi la Kusini mpaka Nachingwea au Ruangwa. Nyumbani tangi la lita 40 limeshasuguliwa kwa sabuni na kujazwa maji maangavu. Siku ya tatu samaki wanapanda juu kutweta. Siku ya sita mmoja anaelea. Mwenye tangi anafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa kwa usafi angekifanya: anamwaga maji yote, anaosha kokoto na chujio kwa sabuni, anajaza upya. Wiki inayofuata wamebaki wawili, na lawama zinakwenda kwa muuzaji, kwa joto, au kwa jicho la watu.

Ninayaandika haya kwa sababu naamini samaki wengi wa nyumbani huuawa na usafi wetu wenyewe, tena usafi wa nia njema.

Samaki anakula, anajisaidia na kupumua ndani ya maji yale yale. Sehemu kubwa ya taka zake humtoka kupitia matamvua ikiwa amonia, sumu isiyo na rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki pua yako haitainusa. Kwenye bwawa au mto amonia hutawanyika. Kwenye lita 40 inabaki palepale na kuongezeka kila chakula kinapotupwa. Kinachowaokoa samaki ni bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, hadi damu ya samaki ikageuka rangi ya kahawia. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Kwa miaka mingi wafugaji waliamini kazi hiyo ya pili ni ya Nitrobacter. Utafiti wa mwaka 1998 ukaonyesha kwamba katika matangi ya maji yasiyo ya bahari wafanyakazi wenyewe ni ndugu wa Nitrospira, na mwaka 2015 zikatambuliwa Nitrospira zinazofanya kazi zote mbili peke yao. Baadhi zilipatikana kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wameshikamana na sifongo ya chujio, kokoto na kuta, wakifanya ule utelezi mwembamba ambao mkono wenye sabuni huona haya kuuacha. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kuwapata wa kutosha. Aliyesugua kila kitu siku ya sita ameirudisha saa nyuma hadi sifuri, na samaki wake wamo ndani.

Kuna jambo la pili linalotugusa sisi wa Lindi kwa karibu, nalo ni makombe. Tangi hupendeza likiwa na makombe na vipande vya mawe ya chokaa kutoka ufukweni. Weka kipande kimoja kwenye kisosi, kidondoshee siki: kikitoa mapovu, kitayeyuka taratibu ndani ya tangi na kupandisha pH, yaani kupunguza asidi ya maji. Hapo ndipo amonia ileile inapobadilika ukali. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika hali inayoua. pH ikifika 8 ni kama asilimia 5. Ikifika 9 ni zaidi ya theluthi moja. Samaki ni walewale na chakula ni kilekile, lakini sumu imezidishwa mara nyingi kwa pambo tu.

Maji ya kisima kirefu yanaweza kuja na ugumu wake tayari. Utayajua: sabuni haitoi povu, na sufuria ya chai inaota gamba jeupe. Si maji mabaya kwa kila samaki. Mbuna wa Ziwa Nyasa na samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaosafirishwa kwenda kupamba nyumba za Ulaya na Marekani, wamezaliwa kwenye maji ya pH ya juu. Ukiwa na maji ya aina hiyo, chagua samaki anayeyapenda badala ya kupigana nayo kwa dawa.

Maji ya bomba, kama yale yanayofika mjini Nachingwea kutoka chanzo cha Mbwinji, yana swali lake. Klorini inayotulinda na kipindupindu huunguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Vivyo hivyo vidonge vya kutibu maji ya kunywa. Dawa yake ni subira: acha maji kwenye ndoo iliyo wazi, iliyofunikwa chandarua tu, kwa siku moja hadi mbili. Usiyaache bila chandarua, mbu watazalia humo.

Basi samaki wakitweta leo, fanya hivi. Toa robo ya maji, si yote, na urudishe yaliyolala kwenye ndoo. Acha kuwalisha siku mbili, hawatakufa njaa. Kama umeme umekatika na pampu imezima, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara nyingi, ili hewa iingie, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo na Oktoba yetu chini ya bati haina huruma. Chujio lisuuze ndani ya maji ya tangi uliyoyatoa, bila sabuni. Na ukimpata mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sifongo yake chafu. Hakuna zawadi bora.

Maji ya kijani ni jua na chakula kingi. Sogeza tangi mbali na dirisha. Ukungu mweupe kwenye tangi jipya huondoka wenyewe. Harufu ya yai viza inatoka kwenye mchanga mnene ulioshindiliwa, upunguze.

Jambo moja ni la afya yako wewe. Usichukue majani wala konokono kutoka malambo na vijito kupamba tangi. Kichocho cha mkojo kipo mikoa ya Lindi na Mtwara, na konokono aina ya Bulinus aliyeambukizwa anaweza kuachia vimelea majini kwa wiki kadhaa, huku mkono wako ukiingia humo kila siku. Mwenye kidonda asitie mkono kwenye tangi, kwani yupo bakteria wa samaki, Mycobacterium marinum, anayesababisha vidonda vya ngozi visivyopona upesi. Ukimaliza kazi, nawa kwa sabuni. Hapo ndipo mahali pake.

Hata samaki wakitulia, endelea kutoa robo ya maji kila wiki, wala usiimwage barabarani. Imejaa nitrati. Kama hukutia chumvi wala dawa, mwagia mchicha.