Hiba ya Ndugu Kabla ya Kufilisika

Mfanyabiashara wa soko la Soweto, pale Mbeya, anapoelemewa na madeni, ama kwa viazi kuozea ghalani, ama kwa janga kama ule moto ulioliteketeza soko la Mwanjelwa mwaka 2006, aghalabu hakimbilii mahakamani, bali huwapigia simu nduguze walioko ughaibuni. Nao, kwa huruma na pengine kwa haya, hutuma fedha pasipo hati wala shahidi, huyu akiziita msaada, yule mtaji, na wa tatu karadha.

Tofauti ya majina hayo huonekana ndogo hadi mtu afilisike. Sheria ya Ufilisi ya Tanzania, Sura ya 25, imefuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1914, ambayo Waingereza wenyewe walikwisha kuifuta ilhali sisi tungali tunaishi na mtoto wake. Kwa mujibu wake, mahakama ikishatamka kuwa mtu ni muflisi, mali yake hutoka mikononi mwake ili wadai wagawiwe, isipokuwa zana za kazi yake, na nguo na matandiko yake na ya ahali zake, tena kwa kiasi maalumu. Ofisi ya serikali inayohusika ni RITA, ile ile itoayo vyeti vya kuzaliwa, jambo ambalo wengi hawalifahamu.

Basi kupokea hiba, yaani ule msaada usiodaiwa, kabla ya tamko hilo si kosa. Ila hiba, kama walivyofundisha mafakihi tangu kale, hutimia kwa kukabidhiwa, na ikishatimia ni mali ya aliyepewa, hata kitakachosalia siku ya kufilisika ni haki ya wadai. Dada aliyelipa karo moja kwa moja shuleni hakumwachia nduguye cha kunyang'anywa. Aliyemtumia mamilioni mkononi huenda amewalisha wadai asiowajua.

Karadha ina mkasa mwingine. Aliyekopesha huwa mdai, akasimama safu moja na SACCOS na hata mkopeshaji wa riba kubwa, yule wa kausha damu, wala udugu haumtangulizi. Mdeni anayemrejeshea dada yake kwanza, ilhali ajua kuwa wengine hawatapata kitu, amefanya upendeleo ambao mahakama yaweza kuutangua, na dada akatakiwa kuzirudisha fedha hizo. Huko Uingereza, kwa wale wetu wanaofilisikia huko, sheria ya mwaka 1986 hutazama nyuma miezi sita kwa mdai wa kawaida, lakini miaka miwili kwa jamaa, tena hudhania kuwa nia ya kumpendelea jamaa ilikuwapo mpaka ithibitishwe vingine.

Kwa rai yangu, fedha za ukoo hufaa zaidi zikiwekwa mezani mapema, kwa maandishi, ziwe fungu moja la kutafutia sulhu na wadai wote, ambao mara nyingi huridhia kupokea sehemu leo kuliko kungojea mnada wa mizani na matenga.