Maji na Methanoli kwenye Injini ya Turbo: Uwiano Upi?

Turbo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeweza kuivuta yenyewe, na hewa ikikandamizwa hupata moto. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi, ikikandamizwa hadi presha mara mbili ya ile ya nje, inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi zaidi ya 120. Intakula (kipoza hewa kinachokaa kati ya turbo na injini) huondoa sehemu kubwa ya joto hilo, lakini si lote. Linalobaki, likichanganyika na presha ya ndani ya silinda, huweza kuilipua petroli kabla mwali wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo injini inapogonga, na injini ya turbo ikigonga huku imekanyagiwa mafuta, pistoni zinaweza kutoboka.

Kunyunyiza maji na methanoli, aina ya alkoholi, kwenye njia ya hewa huzuia hali hiyo. Matone huvukiza na kuchukua joto la hewa, kama vile mtungi unavyopoza maji yake kwa kutoa jasho. Swali gumu ni la uwiano: maji kiasi gani, methanoli kiasi gani?

Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hufyonza kilojuli 2,260 hivi, wakati methanoli hufyonza kama 1,100 na petroli takriban 350. Kwa hesabu hiyo peke yake, maji yangeshinda. Lakini methanoli huchemka kwa nyuzi 65 tu, hivyo huvukiza mapema, hewa ingali kwenye bomba; maji mengi huvukizia ndani ya silinda. Zaidi ya hayo methanoli ni fueli. Nishati yake kwa kilo haifiki nusu ya ile ya petroli, ila oktani yake ni ya juu, na huvumilia presha bila kulipuka ovyo.

Kwa hiyo kila upande una kazi yake. Maji matupu hulinda injini vizuri, hayashiki moto wala hayana sumu, na yanamfaa mtu asiyetafuta nguvu zaidi bali usalama wa injini katika joto. Yakizidi huidhoofisha cheche na mwako ukakatikakatika. Methanoli tupu huongeza nguvu nyingi, lakini hapo mtambo umekuwa mfumo wa pili wa mafuta: ramani ya kompyuta ya injini lazima ipangwe upya, na pampu ikikwama mchanganyiko wa hewa na mafuta hubaki na hewa nyingi mno. Kwa injini ya dizeli, methanoli isivuke nusu, kwani inaweza kuwaka kabla ya wakati wake.

Nusu kwa nusu ni uwiano wenye historia. Katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege za kivita za Ujerumani zilitumia MW 50, karibu nusu methanoli na nusu maji, pamoja na mafuta kidogo ya kuzuia kutu. Methanoli iliwekwa hasa ili maji yasigande angani. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani iliuza gari la Jetfire, lenye injini ya V8 ya turbo na tangi dogo la mchanganyiko kama huo. Tangi likikauka, vali ilipunguza presha ya turbo yenyewe. Wenye magari wengi walisahau kulijaza, wakaona gari limekosa nguvu, na baadaye magari mengi yalitolewa turbo kabisa. Wahandisi wa Jetfire walikuwa sahihi: waliikinga injini dhidi ya usahaulifu wa mwenyewe.

Kipimo nacho hukosewa mara nyingi. Lita ya methanoli ina uzito wa kilo 0.79 tu, kwa hiyo nusu kwa nusu kwa uzito ni karibu asilimia 56 ya methanoli kwa ujazo. Fundi aliyepanga injini kwa kipimo kimoja na dereva anayechanganya kwa kingine hawatumii kitu kimoja. Maji yawe yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, na isiwe tindikali yake. Maji ya bomba huacha chumvi inayoziba nozeli. Tangi liwe la plastiki isiyodhurika, kwa sababu methanoli hula alumini na baadhi ya mipira.

Methanoli yenyewe haichezewi. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, hupenya ngozini, na kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au huua. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Chupa yake iandikwe wazi, ifungiwe mbali na watoto, wala isiwe chupa ya soda.

Kwa gari la barabarani la petroli, nusu kwa nusu kwa uzito, ikinyunyizwa kwa asilimia 10 hadi 20 ya petroli inayotumika turbo inapokaza, inatosha. Anayefunga mtambo huu aweke pia kihisi cha mtiririko kinachoshusha presha ya turbo mara tangi linapokauka au nozeli inapoziba. Mtambo usio na kinga hiyo haufai kufungwa.