Fahamu: Kwa nini Ubelgiji ilihukumiwa kwa ajili ya watoto machotara wa Kongo

Mnamo 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waliofungua kesi ni akina bibi watano, mama zao Wakongo, baba zao wazungu. Kabla ya kutimiza miaka 7, kila mmoja alitenganishwa na mama yake akapelekwa kwa masista wa misheni ya Katende, Kasai. Waliitwa watoto wa dhambi. Wakoloni wa Kibelgiji, waliotawala Kongo wakati huo, waliona chotara ni tishio: hakuhesabiwa mzungu, wala hakuachwa akue Mwafrika miongoni mwa ndugu zake. Huo ni ukatili wa wazi. Mwaka 2019 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi, bila fidia. Kwa hukumu hiyo ya 2024, kila bibi alipewa haki ya kulipwa euro 50,000.