Udhaifu wa Mhusika, Aibu na Chanzo cha Dhuluma katika Tamthilia ya The Crucible

1.0 Utangulizi

Tanzia ya The Crucible, iliyoandikwa na Mmarekani Arthur Miller, ilioneshwa kwa mara ya kwanza jijini New York mwezi Januari 1953. Msuko wake unatokana na kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mzee Giles Corey akafa kwa kulundikiwa mawe kifuani. Wahakiki wengi huihusisha tamthilia hii na msako wa waliotuhumiwa kuwa wakomunisti nchini Marekani wakati ilipoandikwa. Mtazamo huo una mashiko, lakini hautoshi kueleza kwa nini wahusika waliojua ukweli walichelewa kuusema hadi wasio na hatia wakahukumiwa. Makala haya yanafafanua kuwa uongo wa Abigail Williams unapata nguvu kwa sababu watu wenye heshima zao, pamoja na mahakama yenyewe, wanaogopa kuaibika.

2.0 Udhaifu wa Proctor na Gharama ya Ukimya

Aristotle alieleza kuwa shujaa wa tanzia si mwema kupindukia wala si mwovu. Huanguka kwa sababu ya kosa fulani. John Proctor anaafiki maelezo hayo. Ni mkulima mnyoofu, asiyevumilia unafiki, lakini amezini na Abigail, aliyekuwa mtumishi wa nyumba yake. Uzinzi huo ni ubunifu wa Miller. Katika historia, Proctor alikuwa na umri wa takribani miaka 60, naye Abigail alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12. Kwa kubadilisha umri wao, mwandishi aliiweka aibu ya mtu binafsi katika kiini cha maafa ya jamii nzima.

Athari ya uamuzi huo inaonekana mapema. Katika sehemu ya kwanza, Abigail anamwambia Proctor faraghani kuwa yaliyotokea msituni hayakuwa uchawi, bali wasichana walikuwa wakicheza ngoma. Hivyo, Proctor ana habari ambayo ingeweza kuitilia shaka kesi tangu mwanzo. Hata hivyo, zaidi ya wiki moja baadaye bado yuko nyumbani, na mkewe Elizabeth ndiye anayemhimiza aende mahakamani. Proctor anajitetea kuwa hana shahidi, kwa kuwa alikuwa peke yake na Abigail. Kauli hiyo inafichua kikwazo chenyewe: hawezi kueleza alivyoupata ukweli bila kugusa uhusiano wake na msichana huyo. Methali isemayo mficha uchi hazai inaisadifu hali hii. Proctor anapokuja kukiri uzinzi wake hadharani, Elizabeth amekwishakamatwa na mahakama imekwishajifunga kwa hukumu zake za awali.

3.0 Sitara Inayogeuka Maangamizi

Kinaya kikubwa cha tamthilia kimo katika sehemu ya tatu. Proctor amekiri, na ameiambia mahakama kuwa mkewe hasemi uongo. Elizabeth anaitwa aeleze sababu ya kumfukuza Abigail kazini. Bila kujua kuwa mumewe amekwishajifichua, anakana kuwa Proctor alizini. Lengo lake ni kumsitiri mume. Katika maisha ya kawaida sitara ya namna hiyo ingehesabiwa kuwa wema, lakini mbele ya mahakama inamfanya Proctor aonekane mwongo na kumrejeshea Abigail imani ya majaji. Mchungaji Hale anatambua kuwa uongo huo ni wa kibinadamu, lakini hasikilizwi.

4.0 Aibu ya Wenye Mamlaka

Aibu inakuwa hatari zaidi inaposhikwa na mwenye madaraka. Mchungaji Parris, akiwa na binti asiyeamka kitandani, anahofia pia maadui watakaotumia tukio hilo kumwondoa kanisani. Naibu Gavana Danforth, kwa upande wake, anakataa kuahirisha hukumu za mwisho kwa hoja kwamba watu 12 wamekwishanyongwa kwa kosa lilelile. Hoja hiyo haithibitishi hatia ya waliobaki. Inalinda hadhi ya mahakama. Danforth akisita, atakuwa amekiri kuwa huenda aliua wasio na hatia. Kwa hiyo, waliokufa wanakuwa sababu ya wengine kufa.

Historia inatoa mfano kinzani. Mwaka 1697 Samuel Sewall, mmoja wa majaji halisi wa Salem ambaye hamo katika tamthilia, alisimama kanisani Boston huku maungamo yake yakisomwa, akikubali lawama na aibu ya kesi hizo. Maungamo hayo hayakuwafufua waliokufa, lakini yanathibitisha kuwa kukiri kosa kuliwezekana hata kwa jaji.

5.0 Kutoka Kuogopa Fedheha hadi Kulinda Utu

Katika sehemu ya nne Proctor anapewa nafasi ya kuokoa maisha yake kwa kukiri uchawi. Anatia saini, kisha anaichana hati anapofahamu kuwa itabandikwa mlangoni mwa kanisa. Bado analinda jina lake, lakini maana ya jina imebadilika. Awali alilinda sifa kwa kuficha ukweli. Sasa anakataa kuinunua pumzi yake kwa uongo utakaowachafua wenzake waliokataa kukiri. Elizabeth naye anaungama kuwa ubaridi wake ulichangia kuivunja ndoa. Wote wawili wanapata uhuru wa ndani baada ya kukubali kuonekana walivyo, ingawa uhuru huo hauwezi tena kumwondolea Proctor kitanzi.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umebainisha kuwa katika The Crucible udhaifu wa mtu binafsi hauzalishi dhuluma peke yake. Unaizalisha pale aibu inapoufunga mdomo wa anayejua, na pale sheria inapohesabu kukiri kosa la dola kuwa fedheha isiyovumilika. Abigail aliwasha moto. Ukimya wa Proctor, sitara ya Elizabeth na kiburi cha Danforth viliuacha uenee.