Chumvi za Machimbo ya Kale (Sehemu ya Tatu)

Tangu serikali ya Kinshasa isimamishe uuzaji wa kobalti nje ya nchi Februari 2025, kisha ikaweka mgao kuanzia Oktoba mwaka huohuo, mazungumzo yamekuwa ya bei na tani, ilhali madini hayohayo yana sura nyingine ambayo huoshwa na kila msimu wa mvua.

Salfaidi, yaani madini ya metali na salfa kama karoliti ya Kambove yenye shaba na kobalti, zikikutana na hewa na unyevu katika handaki lililoachwa, huoza polepole na kuzaa salfeti, yaani chumvi ziyeyukazo majini. Ya shaba ni kalkanthiti, mrututu wa buluu iliyokolea. Ya kobalti ni biberiti, yenye rangi ya waridi. Ya chuma ni melanteriti, ya kijani. Uzuri huo unategemea maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, ambayo katika biberiti ni karibu asilimia 45 ya uzito wote, hivyo ikiachwa mezani kwenye hewa kavu hufifia, hupasuka, na mwishowe hubaki unga uliopauka.

Wabelgiji walijua thamani ya kukusanya madini ya nchi hii. Mgodi wa urani wa Shinkolobwe, uliogunduliwa mwaka 1915, ulimpa mtaalamu wa madini Alfred Schoep wa Ghent madini mapya mfululizo: kuriti na kasoliti mwaka 1921, bekereliti mwaka 1922, sklodovskiti mwaka 1924, na katika hayo manne, kasoliti ndiyo iliyopewa jina la mahali ilipotoka, Kasolo, mengine yakiwatukuza wanasayansi wa Ulaya. Vielelezo vya mgodi huo vimetunzwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na si haki kwamba mwana wa nchi avitafute ng'ambo.

Kalemie nayo ina urithi wake, machimbo ya makaa ya mawe ya Makala, Greinerville ya zamani, na kwa kawaida makaa ya mawe huwa na pairiti, salfaidi ya chuma izaayo chumvi za namna hii. Shule zingeweza kuanza kuzikusanya kwa chupa zenye vifuniko visivyopitisha hewa, brashi laini isiyoloweshwa, na lebo ya mahali na tarehe, bila kumtuma mtoto ndani ya handaki, kwa kuwa mashimo ya kale huporomoka, kama Shinkolobwe ilivyoua watu mwaka 2004.

Wapo wafanyabiashara wanaokuza mrututu ndani ya beseni, wakaupachika juu ya jiwe na kuuza kama wa mgodini, udanganyifu unaoiibia elimu. Mnunuzi atilie shaka fuwele kubwa zenye kingo kali, kwani ile ya ukutani mwa handaki mara nyingi ni nyuzinyuzi zilizopinda.