Ritifaa ya ng’ katika Majaribio ya Mzigo: Utambuzi wa Hitilafu za Maombi ya Kamusi ya Wavuti

Makala hii inajadili hitilafu inayoweza kumpotosha mtafiti anapoipima kamusi ya wavuti kwa Apache JMeter, programu inayotuma maombi mengi kwa pamoja ili kubaini uwezo wa seva. Neno “ng’ombe” likinakiliwa kutoka matini iliyochapwa, aghalabu huwa na ritifaa iliyopinda (U+2019), ambayo huchukua baiti 3 katika UTF-8. Usimbaji wa ISO-8859-1 hauna alama hiyo, ombi likisimbwa kwao, seva hupokea “ng?ombe”. Huduma ikijibu kwa orodha tupu na msimbo 200, JMeter huhesabu ombi hilo kuwa limefaulu, ilhali kilichopimwa ni kasi ya kukosa neno.

Utatuzi una hatua nne: kusoma ombi lenyewe lililotumwa, si msimbo wa jibu pekee, kubainisha UTF-8 katika usimbaji wa ombi, kuhakikisha ritifaa ya ombi inalingana na ya kamusi, na kuweka sharti kwamba jibu liwe na kitomeo kilichotafutwa. Pasipo sharti hilo, maneno yenye ng’ hupotea kimyakimya, na takwimu za jaribio hubaki za kupendeza lakini zisizo za kweli.